Ibrahima Sarr: Karani Aliyezima Treni Miezi 5 Ndio Vibarua Waandikwe Kazi

Kama umewahi kufanya kibarua, hii stori unaijua hata kabla nianze. Unaambiwa ni miezi 3 tu, alafu utaandikwa. Miezi 3 ikiisha unasainishwa ingine. Mwaka wa 4 bado uko hapo, na wewe ndio unafundisha wageni kazi, lakini ukigonjeka hakuna mtu anakujua. Msee mnayefanya naye mboka ile ile ameandikwa. Ako na likizo, ako na bima, akizeeka ako na pension. Wewe uko na ahadi.

Sasa cheki. Mwaka wa 1947, kwenye reli za Afrika Magharibi, kulikuwa na wasee zaidi ya 15,000 wanaishi hiyo maisha. Mtu aliyewapigania hakuwa kibarua. Alikuwa karani, ameandikwa, mshahara wake unaingia kila mwezi. Angenyamaza tu, hakuna kitu angepoteza. Hakunyamaza. Na venye alicheza hiyo mechi na wadosi wa reli, kuna mambo ya kujifunza mpaka leo, pamoja na venye yeye mwenyewe aliishia.

Jina lake ni Ibrahima Sarr.

Mtoto wa Tivaouane

Sarr alizaliwa 1915 Tivaouane, mji wa Senegal wenye Waislamu wa Tijania wanauheshimu sana. Enzi hizo Senegal ilikuwa chini ya Ufaransa, na Dakar ndio ilikuwa makao makuu ya koloni zote za Wafaransa za Afrika Magharibi. Kijana akasoma shule za Wafaransa, akajua kuandika na kupiga hesabu, akapata kazi ya ukarani kwenye reli ya Dakar–Niger.

Hii haikuwa reli ya mchezo. Ilitoka bandari ya Dakar, ikapita Thiès, ikakata nchi kavu hadi Bamako, alafu ikafika mto Niger kwenye nchi tunayoita Mali siku hizi. Zaidi ya kilomita 1,200. Chukua safari ya Mombasa hadi Nairobi, irudie mara mbili, na bado hujafika. Njugu karanga zilizobeba uchumi wa Senegal zilipitia hapo kwenda bandarini, na bidhaa za kutoka ng'ambo zikarudi na njia hiyo hiyo.

Thiès, kilomita 70 hivi kutoka Dakar, ndio ilikuwa moyo wa hiyo reli. Karakana kubwa zilikuwa huko, na ukizaliwa Thiès hukosi mjomba wa reli. Ukitaka kuelewa Sarr, elewa kwanza venye watu walikuwa wamepangwa hapo ndani.

Juu kabisa kulikuwa na Wazungu, hata 500 hawakufika kwenye mfumo wote. Hao walikuwa na mshahara wao na marupurupu yao. Chini yao kulikuwa na Waafrika wachache walioandikwa rasmi, wako kwenye kada, kama Sarr. Chini kabisa kulikuwa na wale Wafaransa waliita wasaidizi. Usidanganywe na hilo jina. Kati ya Waafrika 10 wa reli, karibu 9 walikuwa wasaidizi. Hao ndio waliendesha mambo: mafundi, wa kutia makaa, wa kuchunga reli, wa stesheni. Wengine walikuwa wamefanya miaka na miaka. Lakini kwenye karatasi walikuwa watu wa muda, na mdosi akikuchoka anakutoa.

Damu ya 1938

Kabla Sarr aingie kwenye picha, vibarua walikuwa wamejaribu. Septemba 1938, hao wasaidizi waligoma Thiès. Wanajeshi wakafyatua risasi. Wafanyakazi 6 wakafa.

Na hapa ndio panauma. Kulikuwa na chama cha wafanyakazi wa reli, lakini kilikuwa cha walioandikwa. Kiongozi wake alikuwa François Gning, na hicho chama hakikusimama na vibarua. Waliokuwa na kazi nzuri walilinda kazi yao nzuri. Ushawahi kuona hiyo movie ofisini kwenu? Eeh.

Miaka ikasonga, vita vya pili vya dunia vikaisha, upepo ukageuka. Januari 1946 wafanyakazi wa Dakar walifanya mgomo mkubwa na wakapata nyongeza. Reli haikuingia. Gning alikuwa amewakalisha chini tena. Mwaka huo huo Ufaransa ikapitisha sheria ya kufuta kazi ya kulazimishwa, na ingine ikisema watu wa koloni zake ni raia. Sasa vijana wa Thiès wakajiuliza: kama sisi ni raia, mbona kwenye reli bado kuna mlango wa Mzungu na mlango wetu?

Mei 1946 wakamtoa Gning. Wakamweka karani wa miaka 31.

Alianza na nyumba yake mwenyewe

Kitu ya kwanza Sarr alifanya haikuwa kugombana na wadosi. Alirekebisha chama. Aliwafungulia vibarua mlango, wakaingia chama kimoja na walioandikwa. Alafu akaunganisha wafanyakazi wa reli zote 4 za Wafaransa za huko: ya Senegal na Mali, ya Guinea, ya Ivory Coast, na ya Dahomey, hiyo ya mwisho ndio Benin ya leo. Nchi tofauti, lugha tofauti, lakini mdosi mmoja.

Fikiria hesabu yake. Walioandikwa wakigoma peke yao, wadosi wanajaza nafasi na vibarua. Vibarua wakigoma peke yao, wanapigwa risasi kama 1938. Wakigoma pamoja, hakuna mtu wa kuwasha gari moshi.

Agosti 1946 akaweka madai mezani, na yalikuwa mawili makubwa. Moja, kada moja: ngazi moja ya mishahara na vyeo, Mwafrika na Mzungu, mtu alipwe kulingana na kazi yake. Mbili, wale vibarua wenye wanafanya kazi ya kudumu waingizwe kwenye hiyo kada.

Tofauti yake na kuomba nyongeza ya mshahara ni hii. Nyongeza mdosi anaweza kukupa leo, na kesho bei ya unga inaila. Ukishaingizwa kwenye kada, una cheo, na kukutoa si rahisi tena.

Walikubali, alafu wakazungusha

Upande wa pili ulikuwa nani? Reli ilikuwa mali ya serikali, lakini Wafaransa walikuwa wametoka tu kuibadilisha ikawa shirika lenye bodi yake, kama parastatal za hapa kwetu. Kwa hivyo ukienda kwa gava unaambiwa ongea na shirika. Ukienda kwa shirika unaambiwa hatuna uwezo, pesa ni ya gava. Wewe unabaki katikati umeshika faili.

Sarr akangoja siku yake. Aprili 1947 Rais wa Ufaransa, Vincent Auriol, alikuwa anakuja Dakar na waziri wa makoloni. Mji umepakwa rangi, bendera kila mahali. Wafanyakazi wa reli wakagoma hapo hapo. Mgomo mfupi tu, lakini ni aibu gani hiyo mbele ya mgeni? Haraka haraka serikali ikakubali kanuni ya kada moja. Kamati ya pamoja ikaundwa, wadosi na wafanyakazi, wapange mambo madogo madogo.

Mtu mwingine hapo angeenda kusherehekea. Lakini kukubaliwa kanuni hakuweki sufuria jikoni. Hayo mambo madogo madogo ndio mkataba wenyewe. Kibarua aingizwe kuanzia tarehe gani? Ni nani anaamua kama anafaa? Kuna ngazi ngapi, na mtu anapandaje? Likizo je? Marupurupu ya nyumba yawe ya wote ama ya wakubwa tu?

Kamati ikakaa, ikafikia mapendekezo. Agosti bodi ya reli ikayakataa. Wakarudi pale walipoanza.

Na hapa uelewe wadosi walikuwa wanaogopa nini. Pesa ilikuwa sababu, ukweli usemwe. Kuandika maelfu ya watu si bei rahisi. Lakini pia kulikuwa na ile kitu ya nani ni nani. Ngazi moja inamaanisha siku moja fundi Mwafrika atakuwa juu ya Mzungu kwenye orodha moja. Na kibarua akiwa na haki zake, mdosi hawezi tena kumtoa akitaka na kumrudisha akitaka.

Sarr hakuitisha mgomo siku hiyo hiyo. Alisafiri kwanza. Alizunguka hizo reli, akaongea na wanachama, akahakikisha kila mtu anajua tarehe. Tarehe 10 Oktoba 1947, treni zikasimama. Watu karibu 20,000 wa reli na gati za bandari waliweka vyombo chini, kutoka Senegal hadi Benin.

Miezi 5 bila mshahara

Gava ilidhani wiki mbili watarudi na njaa. Wiki mbili zikapita. Mwezi ukapita. Waliorudi kazini walikuwa wa kuhesabu.

Waliishije? Hii ndio sehemu watu husahau wakisema tugome. Wafanyakazi walikuwa na duka lao la ushirika, na lilisaidia kukopesha chakula. Wafanyabiashara wengine mtaani waliwabeba. Wengi walikuwa na watu mashambani, wakatuma mtama na samaki, na wengine wakarudi ushago kabisa. Na wamama ndio walizungusha hizo nyumba: kutafuta chakula, kuuza walichoweza kuuza, kukaa ngumu wakati mzee anaanza kulegea. Kama umesoma God's Bits of Wood ya Ousmane Sembène, iliyotoka 1960, unakumbuka wamama wanatembea kutoka Thiès hadi Dakar. Hiyo ni riwaya, na Bakayoko wa kitabu si Sarr hasa, lakini mgomo wenyewe ndio huu. Kazi kubwa ya wamama kwenye mgomo halisi ilikuwa hii ya kila siku: jioni kuwe na kitu sufuriani.

Wadosi walijaribu kila mlango. Walitisha kutoa watu kwenye nyumba za reli. Walitafuta wa kujaza nafasi. Viongozi wa dini waliombwa waongee na watu warudi. Sarr mwenyewe akapelekwa kortini kwa kuitisha mgomo walioita haramu. Lakini hakuwapa sababu ya kurudia 1938. Mgomo ulikuwa wa kimya. Watu walikaa nyumbani, hawakuenda kujazana mbele ya bunduki.

Wanasiasa nao? Usishangae. Wakubwa wengi walikaa mbali hadharani. Léopold Sédar Senghor, mbunge wa Senegal huko Paris, alimtembelea Sarr kimya kimya Thiès na kumwonyesha yuko naye, lakini mbele ya watu hakupiga kelele. Huyo Senghor mweke akilini, tutarudi kwake. Huko Ivory Coast, Félix Houphouët-Boigny hakupenda huo mgomo, na Januari 1948 reli ya Ivory Coast ikarudi kazini. Hilo lilikuwa pigo. Timu ya mechi moja, na wachezaji wametoka uwanjani. Zile zingine 3 zikaendelea.

By the way, mwaka huo huo wa 1947, Januari, Mombasa pia ilisimama. Watu wa bandari, wa reli na wengine waligoma, na Chege Kibachia akawaongoza kwenye African Workers' Federation. Kabla mwaka uishe Waingereza walikuwa wamemshika na kumpeleka kuishi mbali Kabarnet. Kwa hivyo Sarr hakuwa peke yake. Afrika nzima vibarua walikuwa wanauliza swali moja.

Walichopata na wasichopata

Mapema 1948 gavana mkuu mpya akaingia, Paul Béchard. Huyu alikuwa mwanasiasa, akaona hii kitu haiendi mahali. Akakaa chini na chama, akapendekeza njia ya katikati.

Soma vizuri hapa. Wafanyakazi hawakupata kila kitu. Kwa mambo ya ngazi za vyeo, mengine yalienda upande wa wadosi. Tarehe ya kuingizwa vibarua ilikatwa katikati. Marupurupu ya nyumba hayakufika kwa watu wa chini venye walitaka. Lakini kada moja ilisimama. Vibarua wakaanza kuingizwa. Mishahara ikapanda asilimia 20. Na hakuna mtu angeadhibiwa kwa kugoma.

Hilo la mwisho usilipite haraka. Baada ya siku zaidi ya 160, serikali ya kikoloni ikaandika kwamba aliyegoma anarudi kwa kazi yake. Tarehe 19 Machi 1948 mgomo ukaisha, na Thiès ikasherehekea.

Sarr angeweza kukataa na kusema tunataka yote. Baada ya miezi 5 watu wako na msoto, reli moja imeshajitoa, na ukivuta sana kamba inakatika. Alipima. Yale angeweza kupigania baadaye aliyaacha, na yale yakipotea hayarudi aliyashikilia. Mshahara ungejadiliwa mwaka ujao. Jina la kibarua kuingia kwenye orodha lilikuwa jambo la wakati huo.

Na shida haikuisha hapo. Baadaye reli ilianza kupunguza watu, ikisema wako wengi sana, na chama kikarudi tena mezani. Lakini sasa kilikuwa kinatetea watu wenye majina kwenye kada. Mwaka wa 1952 Ufaransa ikapitisha sheria ya kazi kwa koloni zake za Afrika, na wafanyakazi wa huko wakaingia kwenye hiyo vita wakijua reli ilisimama miezi 5 na haikuvunjika.

Alivyoishia

Hapa stori ingeisha vizuri kama movie. Haiishi hivyo.

Baada ya mgomo, jina la Sarr lilikuwa kubwa. Senghor alikuwa anaunda chama chake kipya cha siasa na alihitaji watu wa reli, na Sarr akaingia siasa upande huo. Senegal ikapata uhuru 1960, Senghor akawa rais na Mamadou Dia waziri mkuu. Yule karani wa Thiès akawa waziri kwenye serikali ya Dia.

Desemba 1962 Senghor na Dia wakakosana vibaya juu ya nani anashikilia nchi. Wabunge wakataka kumtoa Dia, Dia akatumia polisi kuzuia bunge, na mwisho Dia na mawaziri 4 wakashikwa, ikisemwa walitaka kupindua serikali. Sarr alikuwa mmoja wao. Mei 1963 Dia akapewa kifungo cha maisha. Sarr akapewa miaka 20.

Wakapelekwa Kédougou, kona ya mbali kusini mashariki mwa Senegal, mahali pa joto kali, mahali reli haifiki. Mtu aliyemtembelea kimya kimya 1947 ndiye sasa alikuwa rais wa nchi iliyomfunga.

Walitolewa 1974, baada ya zaidi ya miaka 11. Sarr alikuwa na umri wa karibu miaka 60, na hiyo jela ilikuwa imemaliza miaka ambayo mwanasiasa huwa na nguvu zake zote. Alifariki 1976, miaka 2 tu baada ya kurudi nyumbani.

Unaweza kusema alipoteza. Wakoloni walishindwa kumfunga maisha, gava yake mwenyewe ikamaliza hiyo kazi. Lakini kuna mzee wa Thiès aliyefanya kibarua miaka 15, na 1948 jina lake likaandikwa. Aliweza kupanga kesho. Huyo mzee hayuko kwenye vitabu, na wako wengi kama yeye.

Kwa hivyo siku nyingine mdosi akikwambia mmekubaliana kimsingi, tabasamu, mshukuru, alafu muulize ni kuanzia tarehe gani na imeandikwa wapi. Na kama wewe ni yule ameshaandikwa, angalia meza ya pili. Huyo kibarua mnayefanya kazi moja, mara ya mwisho ulimtetea lini?